B27 Haikuonekana: Mafunzo Niliyopata kwa Mgongo Wangu

Ninauza mbao Turbo, kando ya barabara kuu inayotoka Eldoret kwenda Webuye na Malaba. Biashara hii imewalipia watoto wangu karo, na pia imenipa maelezo ya bure ya kila maumivu: nikisema mgongo unauma, hakuna anayeniuliza swali la pili. Ni mbao hizo, wanasema. Nilianza kuumwa kabla sijatimiza miaka 30, na ilipita miaka mingi kabla ya daktari mmoja Eldoret kuniandikia jina kamili: ankilosingi spondilaitisi. Ni baridi yabisi inayoshika uti wa mgongo na maungio yake na nyonga, na isipodhibitiwa inaweza kuziunganisha pingili mpaka mgongo ukatae kupinda. Tangu siku hiyo nimesoma kila nilichoweza kukipata juu ya jeni, bakteria wa utumbo na mgongo, vitu vitatu ambavyo sikujua vinafahamiana. Haya ni ya mgonjwa, si ya daktari, na yasomwe hivyo.

1. Maumivu ya kazi hupoa ukilala

Vijana wanaonipakilia lori wanaumwa mgongo kama mtu yeyote anayeinua saiprasi mbichi kutwa nzima. Wakilala, wanaamka nafuu. Mimi nilikuwa kinyume chao. Kiuno kiliniamsha saa tisa usiku, kikanitoa kitandani nikazunguka sebuleni gizani. Asubuhi nilikuwa nimekakamaa kiasi kwamba kuvaa viatu kulihitaji kiti, ukuta na subira, na ukakamavu huo haukuniachia mpaka karibu saa tatu, nikiwa nimeshazunguka yadi nikihesabu mbao. Siku mbaya kuliko zote ilikuwa Jumapili: benchi la kanisa, kisha kochi la wageni, kisha chai ndefu. Jumatatu nikirudi kazini nilikuwa mtu mwingine, na mume wangu akawa anasema kwa utani kwamba mgongo wangu unapenda pesa.

Daktari wa Eldoret hakuanza na mashine. Alianza na maswali. Yalianza ukiwa na umri gani? Yalikuja ghafla au polepole? Ukipumzika yanapungua au yanazidi? Yanakuamsha usiku wa manane? Matako yanauma kwa zamu, leo la kulia, kesho la kushoto? Hilo la mwisho lilinichekesha kwa aibu, maana ndivyo ilivyokuwa hasa na sikuwahi kumwambia mtu. Maumivu yaliyoanza kabla ya miaka 45, yakaja taratibu, yakadumu zaidi ya miezi mitatu, yanazidi kwa kupumzika na kulegea kwa kutembea, yana sura yake, na sura hiyo haihitaji umeme kuonekana.

Kuwa mwanamke kulinichelewesha zaidi. Kwa miongo mingi vitabu vya udaktari viliuhesabu huu kuwa ugonjwa wa vijana wa kiume. Ni kweli wanaume ndio wengi kati ya wale ambao picha ya eksirei imeshaonyesha uharibifu. Lakini katika hatua za mwanzo, ambapo eksirei haioni kitu na MRI inaona, idadi ya wanawake inakaribiana na ya wanaume. Mimi niliambiwa ni uzazi, baadaye nikaambiwa ni godoro. Nikanunua godoro.

2. Ukiambiwa una brusela tena, uliza ni kipimo gani

Huku kwetu mgongo ukiambatana na homa kidogo una majina mawili yaliyo tayari, taifodi na brusela. Nimemeza na kudungwa dozi za brusela katika kliniki zaidi ya moja, kila mara kwa karatasi iliyosema ninayo, na kila mara mgongo ukarudi palepale dawa zilipoisha.

Sitaki kuidharau brusela. Uasin Gishu tunakunywa maziwa mengi, na bakteria huyu anayetoka kwa ng'ombe na mbuzi hupenda sana maungio ya mgongo na nyonga, mahali hasa panaposhikwa na ugonjwa wangu. Daktari makini lazima amfikirie. Shida ni kile kipimo cha haraka, cha tone la damu na tone la rangi, kilichozoeleka vituoni. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliofanywa hospitalini huku magharibi mwa Kenya, upande wa Busia. Kwa kipimo hicho cha haraka, karibu mgonjwa mmoja kati ya watano wenye homa alionekana ana brusela. Damu zilezile zilipopimwa kwa njia nyingine ya kuaminika zaidi, hakufika hata mmoja kati ya mia. Hebu fikiria ni watu wangapi wamedungwa sindano za ugonjwa wasiokuwa nao, huku ule walio nao ukiendelea na kazi yake.

Wa pili wa kufikiriwa ni kifua kikuu cha uti wa mgongo, ambacho daktari Mwingereza Percivall Pott alikieleza mwaka 1779 na ambacho bado kipo nasi. Hicho hula pingili moja au mbili zinazopakana, huja na kukonda na jasho la usiku, na kikiachwa kinaweza kumpooza mtu miguu. Daktari wangu alikataa kuendelea mbele mpaka akiondoe. Wakati ule niliona ananizungusha. Baadaye, tulipofika kwenye dawa, nilielewa.

3. B27 ilionekana mara mbili katika mwaka mmoja

Seli zetu zina protini juu yake zinazoshikilia vipande vya vitu vilivyomo ndani ili askari wa kinga ya mwili wavikague, kama mlinzi wa supamaketi anavyokutaka ufungue mfuko mlangoni. Protini hizo huitwa HLA. Zina aina nyingi mno, na kila mtu hurithi nusu ya zake kwa baba na nusu kwa mama. Mwaka 1973 kundi la Derrick Brewerton huko London lilipima wagonjwa 75 wa spondilaitisi likakuta 72 kati yao wana aina moja, B27. Kati ya watu 75 wasio wagonjwa, walioonekana nayo walikuwa 3. Mwaka huohuo kundi la Los Angeles, akiwemo Paul Terasaki, lilitoa jibu linalofanana: wagonjwa 35 kati ya 40. Ni nadra sana jeni moja na ugonjwa mmoja kuandamana hivyo, na ndiyo maana kwa miaka 50 daktari akisikia spondilaitisi, kalamu yake inakimbilia B27.

Hesabu hiyo ina upande wa pili ambao watu hawausomi. Ulaya ya kaskazini karibu watu 8 kati ya 100 wana B27, na walio wengi kati yao wanazeeka bila kuumwa mgongo wa aina hii. Wanaougua ni kama 1 hadi 5 kati ya kila 100 wenye jeni hiyo. Kwa hiyo jeni peke yake haitoshi, wala haiko peke yake: leo zimeshatajwa sehemu zaidi ya 100 za urithi wetu zinazochangia. Mbili zilizojulikana mwaka 2007 ndizo zinazonivuta. ERAP1 hukata vipande vya protini kabla HLA haijavishika. IL23R iko katika njia ya uvimbe inayohusika pia na ugonjwa wa utumbo uitwao Crohn. Ukiziangalia hizo mbili, tayari utumbo umeshaanza kunusa-nusa kwenye habari ya mgongo.

Damu yangu ilichukuliwa Eldoret, ikapelekwa Nairobi, ikarudi na neno moja: hakuna. Mhudumu mmoja aliyeiona karatasi akanipongeza kwamba basi sina ugonjwa huo. Daktari wangu aliisoma, akaikunja, akaiweka kwenye faili. "Mama, Waafrika wengi wenye ugonjwa huu hawana B27," akasema. "Tuangalie picha." MRI ikaonyesha uvimbe ndani ya mfupa, pande zote mbili za maungio ya mgongo na nyonga.

4. Damu ya Gambia, Togo na Zambia ina mambo yake

Hapa ndipo nilipotumia muda mrefu kuliko kwingine kote, nikisoma usiku wakati kiuno kimenifukuza kitandani.

Kusini mwa Sahara B27 ni adimu. Katika jamii nyingi haifiki hata mtu mmoja kati ya mia. Ndiyo sababu inayotolewa mara nyingi ya kueleza kwa nini spondilaitisi huonekana kwetu kwa uchache kuliko Ulaya. Ingekuwa rahisi hivyo, tungefunga mjadala. Lakini Gambia kuna Wafula, na miongoni mwao B27 si adimu hata kidogo. Utafiti wa mwaka 1997 uliutafuta ugonjwa kati yao, haukuupata kwa kiasi ambacho jeni ilitabiri. Wana alama, hawana mgongo mgumu. Kuna kitu kinachowakinga, katika urithi wao au katika maisha yao.

Kisha kuna upande wa wagonjwa wasio na alama. Togo, mwaka 2002, wagonjwa wa spondilaitisi walihusishwa na aina nyingine ya HLA, B*1403, ambayo Ulaya hawana habari nayo. Zambia, ambako madaktari Njobvu na McGill walikuwa wameona magonjwa ya jamii moja na spondilaitisi yakiongezeka pamoja na janga la VVU, utafiti wa mwaka 2008 uliitaja B*5703. Hapo nilisimama kidogo, kwa sababu B*5703 ndiyo hiyohiyo inayojulikana kusaidia miili ya Waafrika kuvizuia virusi vya UKIMWI visikimbie haraka. Na Gambia tena, mwaka 1991, Adrian Hill na wenzake walionyesha kwamba HLA nyingine, B53, huwakinga watoto na malaria kali. Protini hizi zimechongwa na maradhi ya kila mahali kwa maelfu ya miaka. Kinachokulinda na homa moja kinaweza kukuletea kiuno.

Maoni yangu ni haya. Hapa kwetu B27 ikionekana, ni ushahidi mzito sana. Isipoonekana, haisemi mengi, na mgonjwa mwenye dalili zote asirudishwe nyumbani kwa karatasi hiyo. Mtu mwenye pesa za kipimo kimoja tu, ningemwambia aziweke kwenye MRI ya maungio ya mgongo na nyonga.

5. Watoto sitawapima

Dada yangu aliniuliza mbona siwapeleki watoto wakapimwe jeni mapema. Wapimwe jeni ipi? Ile ambayo mimi mwenyewe sina? Hata Ulaya, katika nyumba ambazo B27 imo, kumpima mtoto asiye na dalili hakubadilishi matibabu, kunaleta hofu tu. Nimewafundisha maswali ya daktari. Ugonjwa huu huweza pia kuanzia kwenye kisigino, pale kano inaposhika mfupa, kwa hiyo kijana wangu anayecheza raga shuleni alipolalamikia kisigino nilimuuliza kinauma lini. Kinauma akikimbia, kinapoa akilala. Nikamwambia amwombe baba yake viatu.

6. Utumbo unaweza kuwa na uvimbe bila tumbo kuuma

Mwaka 1990 huko Dallas, Texas, Robert Hammer, Joel Taurog na wenzao waliingiza B27 ya binadamu ndani ya panya. Panya wakaharisha, viungo vikavimba, ngozi na kucha zikaharibika. Mwaka 1994 wakawalea panya wa aina hiyohiyo katika vizimba visivyo na kijidudu hata kimoja, ndani wala nje. Jeni ilikuwamo kama kawaida. Utumbo haukuvimba. Viungo havikuvimba. Tafiti zilizofuata zikaonyesha kwamba panya hao wakirudishiwa bakteria wa kawaida wa utumbo, ugonjwa nao unarudi. Bakteria wa kawaida kabisa, wale ambao mimi na wewe tunao sasa hivi.

Kwa binadamu, dalili za uhusiano huu zilikuwapo zamani. Mwaka 1962 manowari moja ya Marekani yenye watu 1,276 ilipatwa na kuhara damu, wagonjwa wakafika 602. Baada ya tumbo kutulia, mabaharia wachache wasiozidi 10 walishikwa na viungo, macho na njia ya mkojo kwa pamoja. Miaka mingi baadaye watano kati yao walitafutwa wakapimwa, na wanne walikuwa na B27. Chakula kimoja, kijidudu kimoja, na mgongo umechagua wachache.

Kisha Ghent, Ubelgiji. Miaka ya 1980 Herman Mielants na Eric Veys waliingiza kamera ndani ya utumbo wa wagonjwa wa spondilaitisi na magonjwa ndugu zake, wakachukua vinyama vidogo na kuviangalia kwa hadubini. Karibu theluthi mbili walikuwa na uvimbe mdogo wa utumbo, na wengi wao hawakuwa na tatizo lolote la tumbo wanalolijua. Daktari wangu aliponiuliza kuhusu choo changu nilikasirika kimoyomoyo, nikaona nimekuja kwa mgongo naulizwa mambo ya msalani. Sasa najua alikuwa akifanya kazi yake.

Siku hizi bakteria hawahitaji kuoteshwa maabara. Wanasomwa kwa jeni zao. Brisbane, Australia, mwaka 2015, walikuta mchanganyiko wa bakteria mwishoni mwa utumbo mwembamba wa wagonjwa umetofautiana na wa watu wazima wa afya. Paris, mwaka 2017, bakteria aitwaye Ruminococcus gnavus alionekana kwa wingi kwa wagonjwa. Na mwishoni mwa mwaka 2022 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba askari fulani wa kinga, waliochukuliwa kwenye viungo na macho ya wagonjwa wenye B27, wanakitambua kipande cha bakteria na kipande cha mwili wetu wenyewe kana kwamba ni kitu kimoja. Wazo hilo la askari kufananisha adui na ndugu ni la zamani. Kilichokuwa kinakosekana ni kumshika askari mwenyewe akifanya hivyo.

Bado hakuna bakteria mmoja wa kupelekwa kizimbani. Anayekuuzia dawa ya "kuua bakteria wa mgongo" anakuuzia maneno, na antibayotiki hazimo katika tiba ya kawaida ya ugonjwa huu.

7. Hakuna aliyethibitisha kwamba ugali ndio mbaya

Kulikuwa na profesa wa London, Alan Ebringer, aliyeshikilia kwa miongo kadhaa kwamba mkosaji ni bakteria aitwaye Klebsiella. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Mwaka 1987 iligunduliwa kwamba protini moja ya Klebsiella ina mfuatano wa asidi amino sita unaofanana na mfuatano ulio ndani ya B27 yenyewe. Ebringer akaendelea: Klebsiella hustawi kwa wanga, basi mgonjwa apunguze wanga, naye bakteria atashinda njaa.

Sasa mwambie hayo mtu wa Uasin Gishu. Punguza ugali, uji, chapati, viazi, mchele, githeri. Nilipomsomea mama mkwe orodha hiyo jikoni alinyamaza kidogo, mwiko ukiwa mkononi, kisha akaniuliza kwa upole kama daktari huyo anajua nimeolewa wapi. Kaunti hii hulisha nchi mahindi. Mwezi wa kumi na moja hapa Turbo hupiti bila kukuta mahindi yameanikwa kwenye maturubai kando ya njia.

Tafiti za makundi mengine hazikukubaliana kuhusu Klebsiella, na lishe hiyo haijapitia majaribio makubwa ya kuilinganisha na chakula cha kawaida. Wapo wagonjwa wanaoapa kwamba imewasaidia, sitawabishia miili yao. Lakini hapa kwetu kuondoa wanga mezani ni kuondoa chakula chenyewe, na mgonjwa anayekonda akimeza dawa kali juu ya tumbo tupu amejiongezea ugonjwa. Mtaalamu wa lishe aliniambia nile, nipunguze sukari na mafuta ya kukaangia, niongeze maharagwe, managu na sukuma. Ugali umebaki.

8. Mursik ni tamu, ila si dawa ya mgongo

Jirani yangu, bibi wa Kinandi ninayemwita Kogo kama wanavyomwita wajukuu zake, aliposikia habari za bakteria wa tumbo alifurahi sana. "Hiyo si ndiyo tumekuwa tukiwaambia?" akasema, akaniletea kibuyu cha mursik, maziwa yaliyochachushwa. Sotet yake, yaani kibuyu chenyewe, ameisafisha kwa kaa la mti wa senetwet, na maziwa yalipomiminwa yalikuwa na ile rangi ya kijivujivu na ladha inayoshika taya. Nilikunywa, na ninaendelea kunywa.

Hoja ya Kogo ina kichwa na miguu. Mursik ina bakteria hai wa kuchachusha, na bakteria hai ndio wanaouzwa kwa bei kubwa kwenye vidonge vya maduka ya dawa Nairobi. Tatizo ni kwamba mtu ameshajaribu. Dunedin, New Zealand, wagonjwa 63 wa jamii hii ya magonjwa waligawanywa, wengine wakapewa bakteria wazuri, wengine unga usio na kitu, kwa wiki 12. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010: hakukuwa na tofauti ya maana. Na mursik yenyewe ina doa lake. Mwaka 2013 watafiti waliipima wakakuta pombe kidogo na kemikali ya asetaldehaidi, wakaitaja kuwa moja ya sababu zinazowezekana za saratani ya umio inayosumbua upande huu wa nchi. Sijaacha kuinywa kwa sababu hiyo, lakini sinywi tena kibuyu kizima. Na maziwa ya Kogo huchemshwa kwanza; niliuliza, kwa ajili ya brusela.

Kuhusu bakteria wazuri wenyewe, Tanzania ilitufundisha jambo. Mwaka 2014 wanasayansi walipima utumbo wa Wahadzabe 27, wawindaji na wachumaji wa kandokando ya Ziwa Eyasi. Wana bakteria wa aina nyingi kuliko Waitaliano waliolinganishwa nao, lakini bifidobakteria, wale wanaosifiwa kwenye kila pakiti ya mtindi, hawakuonekana kwao kabisa. Mwaka 2025 ukatoka utafiti mwingine mkubwa, wa wanawake 1,801 wa Burkina Faso, Ghana, Afrika Kusini na Kenya, wa kwetu wakitoka Nairobi, nao ukaonyesha bakteria wasiokuwa wamewahi kuandikwa popote. Nikisoma kwamba utumbo "wenye afya" unatakiwa uwe na hiki na kile, sasa nauliza: utumbo wa nani?

9. Jicho jekundu lisisubiri kesho

Karibu robo ya wagonjwa hupata uvimbe ndani ya jicho: jekundu, linauma, mwanga unachoma, kwa kawaida jicho moja. Hiyo si pinki-ai wala vumbi la mbao. Daktari wa macho, siku hiyohiyo, kwa sababu likicheleweshwa linaweza kuharibu uwezo wa kuona. Mwambie una ugonjwa wa mgongo. Yeye ndiye atakayeunganisha.

10. Kabla ya dawa kubwa, uulizwe kuhusu kifua na choo

Dawa za kwanza ni zile tunazozijua sote: diklofenaki, ibuprofeni, naproksini. Kwangu zilifanya kazi haraka kiasi kwamba hilo nalo likawa ushahidi. Zinachubua tumbo na kuchosha figo, kwa hiyo kuzinunua dukani kwa mazoea, kama nilivyoona vijana wa lori wakifanya, ni hatari, na anayezimeza kwa muda mrefu apimwe damu mara kwa mara. Vidonge vya steroidi vya kumeza miezi na miezi havipendekezwi kwa mgongo huu.

Dawa zisipotosha zinafuata za sindano, zinazozuia protini za uvimbe. Adalimumab huzuia TNF. TNF hiyohiyo ndiyo inayosaidia mwili kukizungushia ukuta kifua kikuu kilicholala. Mwaka 2001 madaktari wa Marekani waliripoti wagonjwa 70 waliopata kifua kikuu baada ya kuanza dawa ya kwanza ya kundi hilo. Katika nchi kama Kenya, ambako wengi wetu tumewahi kukivuta bila kuugua, mtu asikubali sindano hiyo kabla ya kupimwa kifua na, ikibidi, kumeza dawa za kinga. Nilimkumbuka daktari wangu na mizunguko yake.

Kundi la pili huzuia IL-17. Secukinumab iliruhusiwa Marekani kwa spondilaitisi mwaka 2016 na imewainua wengi. Lakini mwaka 2012 dawa hiyohiyo ilipojaribiwa kwa wagonjwa wa Crohn, haikuwasaidia, na baadhi walizidi kuumwa. Dawa inautuliza mgongo na kuuchokoza utumbo. Ndiyo maana mwenye historia ya kuhara kwa muda mrefu au damu chooni lazima aseme kabla, hata kama anaona haya. Bei ya sindano hizi kwetu bado ni ya mtu mwenye bima nzuri au shamba la kuuza, na mimi nimebaki na vidonge na mazoezi, ambayo kwa kiwango cha ugonjwa wangu yanatosha.

11. Tepu haidanganyi

Fizio wa Eldoret hutumia kalamu na tepu ya fundi cherehani. Anaweka alama kiunoni, usawa wa vile vishimo viwili, na nyingine sentimita 10 juu yake, kisha ananiambia niiname nijaribu kugusa sakafu. Ngozi ya mtu mzima wa afya inanyooka mpaka alama zikaachana sentimita 15 au zaidi. Ni kipimo cha Schober, cha mwaka 1937, na hakuna mashine iliyokiondoa. Mara ya kwanza zangu zilifika 13 kwa taabu, nikadai amevuta tepu vibaya.

Kati ya ziara na ziara nina mazoezi yangu: kujinyoosha ukutani kabla ya chai, kulala kifudifudi nikiinua kifua, kuvuta pumzi mpaka mbavu zifunguke kwa sababu ugonjwa huu hufunga hata mbavu, na kutembea mpaka lango la msitu na kurudi. Sigara, ambayo huuharakisha ugonjwa huu, kwa bahati sijawahi kuivuta. Mume wangu ameacha kuvuta ndani ya nyumba baada ya vita vidogo. Safari iliyopita tepu ilisoma 14. Fizio akaandika, akanipa tarehe nyingine, akaniomba siku hiyo nije na blauzi ya vifungo, maana gauni la zipu ya nyuma linampotezea muda.